Viraka Viwili vya Ziada

Siku tuliyomzika Ramazani, binti yake Zaina aliniletea sahani ya lituma ya ndizi na samaki, na kwenye ukingo wa sahani alikuwa ameweka kifungo cha shati. Nilikuwa nimekaa barazani kwao, Kabondo, katikati ya wazee wenye kofia, Mkristo peke yangu, viatu vyangu bado vina udongo wa makaburini. Nje waendesha toleka walikuwa wameegemeza baiskeli zao za abiria kwenye uzio. Walikuwa wamekuja kumlilia fundi aliyewashonea suruali miaka nenda rudi, na walikuwa wanabishana kwa Lingala juu ya mpira, ila kwa sauti ya chini, kwa heshima. "Kilikuwa mu tiroir ya mashini," Zaina akaniambia, akimaanisha droo ya cherehani. "Papa alisema siku atakufa tukupatie wewe, Papa Gaston." Kilikuwa kifungo cheupe cha kombe, chenye matundu manne, kimekwaruzika upande mmoja. Nilikishika na chakula nikakisahau. Mzee aliyeketi karibu nami akaniuliza kama samaki alikuwa na miba, nikamjibu ndiyo, ana miba mingi, kwa sababu macho yangu yalikuwa yameshalowa na nilihitaji kisingizio.

Kifungo kile nilikijua kabla Zaina hajazaliwa. Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini, na Ramazani alinizidi kidogo, kiasi cha kunitania kwamba alitangulia kuliona jua. Uhuru ulikuwa bado mpya, tunauvaa kama nguo ya sikukuu isiyojulikana itafuliwa vipi. Sisi tulikuwa kuruta wa polisi. Namna kila mmoja alivyofika kambini ni habari ya tumbo tu, haina haja ya kurefushwa: mimi nilitoka kwenye maporomoko, kwa Wagenia, watu wa mitego ya samaki, naye alitoka kwenye nyumba ya fundi cherehani ambaye wateja wake walikuwa wamepanda ndege na kuondoka. Kila Jumamosi Ramazani alipeleka nyumbani mchele wake wa wiki na makayabu, samaki wa chumvi, aliyofunga ndani ya leso. Mama yake na wadogo zake watano walikuwa wanakula kutoka ndani ya leso ile. Hilo nililijua vizuri kuliko nilivyojua sala zangu, na ndilo lililoniponza.

Chumba chetu kilikuwa kirefu, cha matofali, na vitanda vya chuma vimepangwa pande mbili. Asubuhi mwanga uliingia kupitia michikichi ukatua sakafuni vipande vipande, na harufu ya mafuta ya bunduki ilichanganyika na ya pondu, majani ya muhogo ya jana, mpaka leo siwezi kula pondu bila kusikia chuma mdomoni. Tulilala na bunduki zetu. Tulikwenda nazo chooni. Tulikula zikiwa zimeegemea mapaja yetu, na kwa miezi mingi hazikuwahi kuona risasi, maana risasi zilikuwa chache na wakubwa walituogopa kidogo. Aliyetufundisha tulimwita Ajida, mzee wa jeshi la zamani, mwenye shingo fupi na sauti ya upole iliyotutisha kuliko kelele. Mimi alinikemea siku ya kwanza kwa sababu niliishika bunduki kama kasia. Wewe, alisema, hapa hakuna mutumbwi. Kisha akatufundisha kubeba: mdomo wa mtutu uangalie mbingu au uangalie udongo, usimwangalie mtu hata kwa mzaha. "Ile haina risasi njo inaua batu," alisema, yaani isiyo na risasi ndiyo inayoua watu, akazunguka kitanda kwa kitanda akirudia, mpaka hata ndotoni nikawa nageuza mtutu kando watu wanapopita.

Na kwa kuwa risasi hazikuwapo, Ajida alitufundisha kulenga kwa kifungo. Unalala kifudifudi, mwenzako anakuwekea kifungo juu ya mtutu karibu na ncha, halafu unavuta kifyatulio taratibu, kinalia ka! Kifungo kikianguka umetikisika, anza tena. Ramazani ndiye aliyeleta vifungo kutoka kwenye kopo la baba yake, na changu kilianguka kila mara, kikagonga saruji, kikaenda chini ya vitanda. Chake hakikuanguka kamwe. Mkono uliozoea kuongoza kitambaa chini ya sindano hauna haraka. Alasiri moja, wakati mvua imetufungia ndani na wengine wamelala, nilimwekea kifungo, akavuta, nikakitazama kikikaa pale bila kutetemeka, nikahisi usingizi mtamu kabisa, kana kwamba dunia nzima imewekwa mahali pake na haitasogea. Kutoka Kapalata, kwenye kambi ya wanajeshi, tulisikia milio ya mbali. Wao walikuwa na risasi. Ramazani aliisikiliza kisha akakitia kifungo mfukoni.

Risasi zetu zilipofika hatimaye, tulipelekwa uwanja wa kulengea, ukingoni mwa msitu, kwenye njia ya Masako, na huko ndiko nilikojulikana kuwa sifai. Kila nilipofyatua nilifumba macho yote mawili. Ajida alinivumilia siku tatu. Siku ya nne alisema macho ya mtoto wa Wagenia yameumbwa kutazama maji, basi nitakuwa mtu wa handaki, nitazame matundu. Handaki lilikuwa shimo refu linalomfunika mtu mzima, na juu yake, mbele ya tuta la udongo, ilisimama shabaha: ubao mmoja uliofunikwa gunia na karatasi yenye umbo la mtu mweusi, hana uso. Nilikuwa naushusha kwa kamba baada ya kila risasi, naangalia, nauinua tena. Halafu nachukua fimbo ndefu yenye duara jekundu mwishoni. Kama risasi imepata, nanyanyua duara juu nalituliza. Kama imekosa, naipeleka fimbo kushoto na kulia, polepole, ili mpigaji aliyelala hatua mia mbili kule aone aibu yake vizuri. Kuruta akimaliza zake kumi, Ajida huja mwenyewe kuhesabu matundu, nami nayaziba kwa viraka vya karatasi. Gundi yangu ilikuwa unga wa muhogo uliopikwa na maji mengi, fufu iliyoshindwa. Ramazani alinifundisha kukata viraka mviringo kwa mkasi wa kwao. Alisema kiraka chenye pembe hubanduka, cha mviringo hakina mahali pa kuanzia, na kwa miaka yote aliyokuwa fundi nilimsikia akiwaambia wanafunzi wake maneno hayohayo.

Nilipapenda handakini. Nalisema bila haya, ingawa mtu mzima hapaswi kupenda shimo. Chini kulikuwa na ubaridi na maji kidogo, na vyura wadogo wenye rangi ya majani makavu. Juu niliona ukanda wa mbingu tu. Risasi zilipita kwenye ukanda ule bila kuonekana, kila moja ikichana hewa kwa mlio mkali, halafu kimya, halafu kipepeo aliyekuwa ametua kwenye ukingo anafungua mabawa kama hakuna lililotokea. Nilijifunza kusikia. Risasi iliyopata karatasi ilisema pa, kavu. Iliyogonga tuta ilisema du. Iliyopita juu kabisa haikusema kitu, ilikwenda zake msituni. Siafu waliipenda gundi yangu. Mara nyingine walikula viraka usiku, na asubuhi yule mtu mweusi alikuwa na matundu ya jana yamefunguka tena, mwanga unapita kifuani mwake.

Mtihani uliangukia mwezi wa Ramadhani. Tuliambiwa wiki nzima kabla: risasi kumi, anayepata chini ya sita atarudisha bunduki na blanketi na kwenda kwao. Ramazani alikuwa anafunga, na kufunga pamoja na mazoezi kulikuwa kumemchimba mashavu. Nilikuwa namwekea samaki wa jioni ndani ya jani la mgomba, niliyeletewa na wajomba zangu, na alikuwa ananitania kwamba Wagenia watamfanya aione Idi akiwa mnene. Asubuhi ya mtihani mimi nilitumwa handakini alfajiri, kabla ya wengine kupangwa mstari, ili niandae ubao na gundi. Kwa hiyo sikusikia Ajida alichowaambia mstarini. Hilo ndilo jambo dogo ambalo maisha ya mtu yalipita juu yake. Sikusikia.

Wanne wa kwanza walipiga vizuri au vibaya kadiri Mungu alivyowajalia. Viraka vya wa nne vilikuwa bado vibichi filimbi ilipolia mara moja, na kwa mpangilio wa vitanda nilijua kwamba huyu ni Ramazani. Nilikaa vizuri kwenye gogo langu, nikingoja raha. Risasi ya kwanza haikusema kitu. Nikashusha ubao nikaukagua kwa kidole, hakuna. Nikapeleka fimbo kushoto na kulia, nikijiambia kwamba anajipasha moto. Ya pili ikapita juu zaidi, kasuku wakaruka mitini wakipiga kelele, na kitawi chenye majani mawili kikaanguka ndani ya handaki, karibu na mguu wangu. Nikapeleka tena fimbo kushoto na kulia, na mkono wangu ulikuwa mzito. Jua lilikuwa limepanda. Nilimwona kwa mawazo amelala kwenye mchanga wa moto, midomo imekauka, jasho machoni, tumbo tupu tangu alfajiri, na ule mkono usiotikisika umeanza kutikisika. Njaa, nikasema. Ni njaa inampiga. Nikaiona leso ya Jumamosi ikiwa imekunjwa, haina kitu ndani.

Ya tatu nayo ilikwenda zake msituni. Nilishusha ubao, nikaweka ukucha chini ya kiraka kimoja kibichi, kifuani, nikakibandua. Kilitoka bila sauti. Tundu la mtu mwingine likafunguka, safi kabisa. Nikainua ubao, nikanyanyua duara jekundu, nikalituliza. Ya nne, kiraka cha pili. Ya tano, cha tatu. Ilipofika ya nane nilikuwa nimempa sita, na sita zilitosha. Nasimama hapa kila ninapokumbuka, nina fimbo mkononi, natafuta namna ya kumzuia yule kijana asiendelee. Lakini nilikuwa nimeshaonja utamu wa kutoa. Nikaona sita ni umaskini. Mtu wa kifungo kisichoanguka kupita kwa sita, kama mzembe yeyote, niliona ni kumtukana. Nikampa mbili zaidi.

Ajida alikuja akivuta miguu nyasini. Alihesabu nane. Kisha akapitisha kidole kwenye ukingo wa tundu moja, akakisugua na gumba, akakinusa. Gundi. Aliniuliza kama fufu yangu haikaukaki. Nikasema siafu, Ajida, na ubichi wa msitu. Alinitazama kwa muda ambao chura angeweza kuvuka handaki akarudi, halafu akaandika nane kwenye daftari lake akaondoka. Mpaka leo sijui kama alinisadiki au alihitaji tu namba.

Jua lilipozama Ramazani alikuja nyuma ya jiko la kambi, mahali petu, akakaa juu ya dumu lililopinduliwa. Alikunywa maji kwanza, nami nilikuwa nangoja furaha yake kama mtoto anayengoja kusifiwa. Nikafungua jani la mgomba. Alimgawa samaki sehemu mbili, akanipa yenye kichwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Risasi zangu uliziona?" akaniuliza.

"Niliziona."

"Zote?"

"Nane," nikasema.

"Bon," akasema, akala. Alikula taratibu, akitoa miba na kuipanga kwenye jani. Kisha akanieleza yale niliyokosa kuyasikia asubuhi. Ajida alikuwa amewaambia mstarini kwamba barabara za mashariki zimeshikwa na waasi, kwamba kunahitajika watu wa shabaha, na kwamba yeyote atakayefikisha nane atapanda lori kesho. Alilisema bila kunitazama, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya uzi. Nilitaka kumwambia pale pale na mdomo ulikataa. Kumwambia kulikuwa ni kumwambia kwamba hajui kupiga, na kwamba namtuma vitani mikono mitupu, usiku mmoja kabla ya kwenda. Nikaona bora aende akijiamini. Kila mwoga ana hekima yake.

Lori liliondoka asubuhi kukiwa na ukungu. Alikuwa amekaa nyuma, bunduki kati ya magoti, mtutu unaangalia mbingu kama tulivyofundishwa, na hakupunga mkono kwa sababu alikuwa anafunga kifungo cha shati. Leso ya mchele nikaanza kuipeleka mimi kila Jumamosi. Mama yake alinipokea ukumbini, akanipa mkeka, akaniuliza kama nina habari, na kila mara alinisimulia, kwa majivuno na kwa hofu, jinsi mwanawe alivyokuwa wa kwanza wa shabaha. Nilikuwa nakunywa chai yake ya iliki huku kila neno linanichoma. Halafu waasi wakafika hata mjini, na mtu aliyewahi kuvaa sare akawa windo. Nilitupa bunduki yangu kwenye maji makali ya maporomoko, nikaishi miezi kati ya mitego ya wajomba zangu, nikinuka samaki, nikilala mchana kwenye majabali, na katika kila ndoto Ramazani alilala kifudifudi mbele ya mtu mweusi asiye na uso, akapiga, na mimi sikuwa na kiraka cha kubandua. Mwisho wa mwaka mji ulipotulia kwa namna yake, alishuka kwenye mtumbwi akitokea upande wa juu wa mto, mkongojo kwapani. Mguu wa kuume ulikuwa umekatwa chini ya goti. Nilimbeba mgongoni kutoka majini hadi barabarani, nikalia nikitazama mbele ili asinione, na yeye akasema nimekuwa mwembamba, Wagenia hawanilishi.

Ndivyo tulivyoishi baada ya hapo, jirani kama sahani na kijiko. Aliiendesha cherehani ya baba yake kwa mguu wa kushoto. Kila Noeli alinishonea shati na hakukubali nilipe. Vita hatukuvizungumza, na mtihani ule hatukuugusa hata siku moja, ila sindano ilipomkatalia uzi aliinua mkono akaupeleka kushoto na kulia, polepole, akinitazama juu ya miwani, nami nilicheka. Nilidhani ni mchezo wa kawaida wa kuruta wazee.

Jioni ile ya mazishi, wazee walipokwenda kuswali magharibi, Zaina alikuja kuchukua sahani akakuta lituma imepoa. Aliketi. Nikamwuliza kama baba yake aliwahi kuwaambia kifungo hiki ni cha nini. Akasema aliwaambia yote, mara nyingi, hasa Ramadhani wakati wanangoja adhana. Aliwaambia kwamba siku ya mtihani hakutaka lori. Alitaka kurudishwa nyumbani, aone aibu lakini awe na miguu yake. Basi alilenga miti. Alipoona duara jekundu linapanda kwa risasi aliyoituma mbinguni, alidhani jua limempanda kichwani. Akainua mtutu zaidi, duara likapanda tena. Ajida amesimama nyuma yake anamsifu, kwa hiyo hakuweza hata kupiga kelele, akaendelea kuwapiga kasuku wa watu na huku duara linapanda, linapanda.

"Alisema alitaka kucheka mpaka bunduki imuanguke," Zaina akasema.

Nilimwuliza kama walimwuliza nani alikuwa handakini.

"Tulimuuliza. Alisema: ni rafiki yangu. Alifikiri niko na njala. Alitaka nikule."

Akachukua sahani akaenda kuipasha moto. Nilibaki na kifungo kiganjani, miaka hamsini na zaidi imekaa juu ya kifua changu, na sikujua kama nimesamehewa au nimehukumiwa, maana hakuna aliyesema lolote kati ya hayo mawili. Zaina aliporudi nilikula lituma yote na samaki, mpaka nikasafisha sahani kwa kidole, kwa kuwa niliona hilo angalau naweza kulifanya vizuri.

Asubuhi nilichukua toleka hadi makaburini. Kijana wa baiskeli alikubali kuningoja langoni. Kaburi lilikuwa bado bichi, udongo wake umejaa alama za viganja. Nilikiweka kifungo juu yake, kikakaa. Kisha nikarudi nyuma hatua chache, nikainua fimbo yangu ya kutembelea juu ya kichwa, nikaipeleka kushoto na kulia, polepole, ili aone vizuri. Ishara za kukosa, mbili za kwanza nilimpa kwa haki siku ile. Nikampa nane zilizobaki, moja moja, na kijana akaniita kutoka langoni kuuliza kama nina shida na nyuki.